Nimepanda Kilima kwa Baiskeli Yako, Baba Neema

Mpendwa mume wangu, Baba Neema,

Habari yenyewe ni kubwa, siwezi kuiacha isubiri salamu: nimejua kuendesha baiskeli. Si ile ya kusukumwa na watu uwanjani. Jana asubuhi niliendesha kutoka lango la kiwanda chenu cha zamani, nikafuata mto mpaka chini ya Uluguru, na hakuna aliyenishika. Najua ungecheka mpaka ujishike mbavu. Mwanamke aliyekaa nyuma yako kwenye keria miaka yote ile, akifumba macho kila mlipopishana na lori, leo anashika usukani mwenyewe, tena ana wajukuu.

Unakumbuka ulivyokuwa unakuja Matombo kunichumbia? Ulitoka mjini alfajiri, barabara yenyewe mbovu, ukafika kanisani misa imekwisha na suruali ina vumbi mpaka magotini. Tulipofika nyumbani mama yangu alikutazama, akaniuliza huku wewe ukisikia, "Huyu kijana wako hakuona gari?"

"Shikamoo mama," ukamwambia. "Gari nililiona. Ila lisingesimama kila nilipotaka kupumzika nimfikirie binti yako."

Mama alijaribu kununa, ikashindikana. Akaitikia marahaba, akaenda kukukatia ndizi. Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya mlango, na hapo hapo nikajua nimeshaolewa.

Kiwandani walikuweka idara ya kutia nguo rangi. Kucha zako sikuwahi kuziona safi. Hata siku ya harusi yetu kidole nilichokivisha pete kilikuwa na buluu pembeni. Na mto uliopita nyuma ya kiwanda ulikuwa hivyo hivyo. Ukiwa wa buluu, tulijua mnapiga buluu. Ukiwa mwekundu, tulijua zamu ya asubuhi imefungua mapipa mekundu. Neema alipokuwa mdogo aliuita mto wa vitenge, na sisi tukacheka.

Jioni moja ulikuwa unanirudisha kutoka sokoni, ukasimamisha baiskeli darajani. Uliyatazama maji mpaka nikadhani umeugua. Kisha ukasema, "Mama Neema, haya maji huko juu ni safi kabisa. Sisi ndio tunayachafua. Mimi, kwa mikono hii." Nikakwambia twende, mtoto ana njaa. Uliniambia maneno mengi matamu katika maisha yetu, lakini hayo ya darajani ndiyo yaliyokataa kunitoka.

Kisha kiwanda kikafungwa. King'ora kikanyamaza, magugu yakaota mpaka madirishani, na nyinyi wanaume mkawa mnatembea mtaani asubuhi kama watu waliopoteza kitu njiani. Tulidhani walau mto utapona. Haukupona. Rangi iliondoka, zikaja taka, wakaja wafyatua matofali, zikaja bustani. Na bustani ya kwanza kufika ukingoni ilikuwa yangu. Nililima mchicha na kabichi karibu na maji kiasi kwamba niliweza kunawa mikono bila kuinuka kwenye tuta. Ulinisihi niuachie mto nafasi. Nikakujibu vibaya: "Wewe uliutia rangi, mimi nimeotesha mboga. Nani kauharibu?"

Ulichukua jembe la pili ukanisaidia kupalilia. Neno lile nilitaka kulifuta kabla hujaondoka, lakini ulipougua mambo yalikwenda haraka, na mimi nilikuwa nahangaika na uji na dawa, nikijiambia nitasema kesho.

Miaka michache baada ya kukuzika, mto ulikauka. Haukupungua tu, ulikauka. Nilikwenda na ndoo asubuhi nikakuta mchanga, na katikati ya mchanga vidimbwi viwili vyenye vyura. Kabichi zangu zilikuwa zimelala pale ukingoni, ukingo usiokuwa na kitu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshatuita mkutanoni mara moja kutuambia tusogeze mashamba mita sitini kutoka kwenye maji, nami ndiye niliyesimama kumzomea kuliko wote. Nilimuuliza kama mita sitini zake zitawasomesha watoto wetu. Watu walinipigia makofi. Sasa nikiwa pale na ndoo tupu, makofi yale niliyaona hayana maana.

Mkutano wa pili nilisimama tena. Wenzangu wakatabasamu, wakijua nitamwasha mwenyekiti. Nikasema, "Waanze na bustani yangu. Naing'oa mwenyewe kesho."

Mume wangu, nilitukanwa. Mama Zuhura, jirani niliyejifungua naye wakati mmoja, tuliyeazimana chumvi tangu Neema ananyonya, aliniambia mbele ya watu, "Umenunuliwa wewe." Alipita mlangoni kwangu msimu mzima wa mvua bila kunisalimia. Mimi niling'oa kabichi zangu, nikapanda mianzi na matete pale zilipokuwa, na miche ya mikuyu nyuma yake. Mwanzoni tulikuwa wanawake wanne. Tulitoa taka nyuma ya kiwanda kwa toroli: viatu, mabati, mifuko ya plastiki isiyo na mwisho. Siku moja jembe langu lilinasa kitu kwenye tope, nikavuta, nikavuta, likatoka bonge la nyuzi za pamba. Nilipolisuuza lilikuwa bado buluu. Nilikaa chini nikalia mpaka wenzangu wakadhani nimejikata.

Sitakudanganya kuwa ilikuwa rahisi. Mvua za kwanza zilibeba nusu ya miche. Kuna aliyekuja kukata mianzi akajengea banda la kuku, na hata mwezi uliopita tumemkamata mwingine anatupa kifusi. Lakini watu waliongezeka, mmoja mmoja, na kiangazi kimoja tukashtuka tumefika Oktoba na maji bado yanapita. Asubuhi hiyo nilisikia mtu anaita nje. Nikafungua, ni Mama Zuhura, ameshika mche wa mkuyu kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake.

"Huu niupande wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Tukachimba shimo pamoja.

Njia ya baiskeli haikupangwa na mtu. Ilitokana na toroli zetu. Tulikanyaga ukingo ule kwa misimu mingi mpaka ukawa njia ngumu, tambarare, kutoka nyuma ya kiwanda hadi miguuni mwa milima, na vijana wakaanza kupita na baiskeli kwa starehe zao. Halafu lango la kiwanda likafunguliwa, mtaa ukaruhusiwa kuutumia uwanja. Ungeuona! Lile jengo la kusokotea nyuzi, ambalo paa lake lilianguka, sasa ndani lina nyasi fupi na mabenchi, na ukuta wa idara yenu ya rangi umeegemezwa baiskeli. Jumamosi mimi na Mama Zuhura tunauza vitumbua na chai ya tangawizi mahali pale pale ulipokuwa ukipanga foleni ya kuingia zamu.

Neema ndiye aliyeanza uchokozi. Alikuja likizo, akanitazama nikiwahudumia waendeshaji, akasema, "Mama, kila Jumamosi unawalisha wenye baiskeli. Yako iko wapi?"

"Baiskeli yangu ilikuwa baba yako," nikamwambia.

Hakucheka. Alikwenda stoo akaitoa yako, ile nyeusi, akaipeleka kwa fundi ikabadilishwa matairi na cheni na kushushwa kiti. Nikajifunzia kwenye uwanja wa kiwanda, suruali ya Neema ndani na gauni juu, mbele ya kadamnasi. Nilianguka, Baba Neema. Nilianguka kulia, nikaanguka kushoto, siku moja nikaingia kwenye meza ya vitumbua vyangu mwenyewe. Mama Zuhura alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Kisha akaja nyuma yangu, akashika keria kwa mikono miwili, akakimbia nami akipiga kelele, "Kanyaga! Usitazame chini, kanyaga!" Nilikanyaga. Nilipomjibu nikasikia sauti yake iko mbali. Alikuwa ameshaniachia zamani.

Basi jana ndiyo ilikuwa siku ya msafara wa kwanza wa mtaa mzima. Baiskeli zilijaa uwanja, nyingine mpya zinameta, nyingine zimefungwa waya kama yetu. Tuliondoka jua likiwa bado dogo. Ukungu ulikuwa umekaa mlimani kwa juu, na mto ulikuwa unasema muda wote upande wangu wa kushoto. Nilipita pale ilipokuwa bustani yangu. Mianzi imekutana juu, ukipita ni kama unapita chini ya dari.

Mwisho wa njia kuna kilima. Si kirefu, ila ni kikali, na kinakuja wakati miguu imeshachoka. Vijana waliotutangulia kwa mbwembwe niliwakuta wameshuka wanasukuma. Mmoja akaniona naja, jasho linanitiririka, akasema, "Shikamoo mama, shuka tu, hiki hakipandiki."

"Marahaba," nikamwambia. "Nipishe."

Magoti yaliwaka moto. Kuna mahali nilikwenda polepole kiasi kwamba kipepeo alinipita. Lakini sikugusa chini. Nilisikia nyuma yangu wanaanza kuhesabu mizunguko ya pedeli, mara wote wanapiga kelele, mara Mama Zuhura, aliyekuja kwa bodaboda akatangulia kuningoja juu, anapiga vigelegele vya harusi. Nilifika. Nilifika nikiwa nimekaa kwenye kiti, mikono kwenye usukani, naona mji wote chini na bati za kiwanda zinang'aa na mto umeupasua mji katikati.

Baadaye nikateremka majini, nikavua viatu, nikaingia mpaka magotini. Niliviona vidole vyangu vya miguu, vyote kumi. Watoto walikuwa wanaogelea kando yangu na hakuna aliyewafukuza. Hapo nikakujibia lile swali nililokutupia bustanini, kwa sauti, watu wakisikia: "Sote wawili tuliuharibu. Na wewe ulikiri kwanza." Ndilo neno ulilokuwa unanidai. Nimelitamka, na moyo wangu ni mwepesi kuliko ulivyokuwa nikiwa msichana wa Matombo.

Nimebaki mpweke kwa mambo mengi, sitakuficha. Chai ya jioni bado naipika nyingi. Lakini usinihurumie. Nina miguu inayouma kwa sababu nzuri, na mtaani watoto wameacha kuniita bibi vitumbua, wananiita bibi kilima.

Sasa wanapanga msafara mrefu, kwenda Mlali. Jana hiyo hiyo walipita na daftari kuandika majina. Kijana mwenye daftari akaniuliza kwa adabu kama nitahitaji nafasi kwenye gari litakalofuata nyuma, kwa ajili ya watakaochoka. Nimemwambia aandike jina langu kwa waendeshaji, na gari hilo awawekee vijana.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo akupendaye,
Mama Neema