Kadi ya Siku ya Ukungu

Chumba cha vifaa,
Jumapili mchana.

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama na Kijino. Kifua cha mama kinaendeleaje? Ile dawa anaimeza, au bado anaimwaga kwenye sinki ukigeuka? Na Kijino, meno ya mbele yameota au tumtafutie jina jingine? Mimi mwili ni mzima. Najua barua zangu huwa unamsomea mama kwa sauti kwa sababu ya macho yake. Hii isome peke yako kwanza, tafadhali, ukiwa umekaa.

Kazi inaendelea. Wageni wa msimu huu ni wale wale: wanakuja kupiga kasia siku nne na kulala kwenye mahema, halafu asubuhi ya kwanza wananiuliza nyangumi wanatoka saa ngapi, kana kwamba wana ratiba ya basi. Juzi daktari mmoja wa meno aliingia kwenye kayaki akiwa ameelekea nyuma. Nilimgeuza bila kucheka, na kwa hilo nastahili nishani. Ila siku hizi nawahesabu mno. Kila tukipita mwamba nageuka kuwahesabu, nikimaliza naanza upya, mpaka wanatazamana. Na kambini bado nasimamisha mahema mawili ya waongozaji, langu na la mume wako. Mwaka mzima sasa mdogo wangu hayupo, lakini asubuhi nafungua zipu ya hema lake liingie hewa, kisha nakasirika kwa kuwa ndani hamna mtu wa kumkaripia. Meneja ameacha kuniuliza.

Barua yako niliipata. Umeomba rekodi ya siku ile, kwa kuwa meneja alikwambia nyangumi waliimba, nawe unataka Kijino asikie walichokuwa wakiimba siku ya mwisho ya baba yake. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, umeandika kwamba asubuhi ile mligombana kwenye simu, ukamwambia asirudi nyumbani, na tangu hapo unaamini aliingia majini kichwa kimevurugika, ndiyo maana akapinduka. Nimeyasoma hayo hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Wifi, siwezi kukuacha nayo.

Baada ya simu ile alinifuata ufukweni, akanisimulia ugomvi wenu wote akiigiza sauti yako na yake, na haki akakupa wewe. Alisema akirudi atakuomba radhi. Alikuwa anacheka. Tulikuwa na wageni sita. Mimi mbele, yeye nyuma kabisa, kuhakikisha hakuna anayeachwa. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amesahau kambini filimbi yake ya kuitia msaada, mume wako akamvisha ya kwake. Tulipomaliza kupita miamba nikaona mgongo wa nyangumi, na mtoto wake ubavuni. Sheria yetu unaijua: kasia mapajani, hakuna kusema. Nikateremsha maikrofoni majini, nikavaa hedifoni, nikawasha kinasa sauti. Ukungu ukashuka. Wageni wote sita niliwaona karibu yangu. Yeye alikuwa bado upande wa pili wa miamba, na sikushtuka, maana siku zote yeye ndiye wa mwisho.

Niliwaambia nyote kwamba baridi ya maji ilimkata pumzi papo hapo, na kwamba hakuna aliyesikia kitu. Nilimwambia mama hivyo nikiwa nimemshika mikono. Nilimdanganya, nikakudanganya na wewe.

Nilisikia kugongwa. Ngo, ngo, ngo, kisha kimya, kisha tena ngo, ngo, ngo. Ngumi juu ya plastiki ya kayaki. Unamjua Bwana Vituko wetu. Mara ngapi alinigongea hivyo nikiwa na hedifoni, ili niruke na wageni wacheke? Nikasema moyoni, hata leo, mbele ya nyangumi na mtoto wake? Nikapandwa na hasira. Nikavua hedifoni, nikawanong'oneza wageni kwamba mwenzangu wa nyuma anafanya mzaha. Walitabasamu, tukaendelea kuwatazama nyangumi. Walikuwa wazuri, wifi. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Kinasa sauti sikukizima. Nimesikiliza mara moja tu, humu humu, mlango ukiwa umefungwa. Anagonga kwa dakika kumi na moja. Mwanzoni kwa nguvu, halafu mapengo yanakuwa marefu. Kwa nini alipinduka sijui; pale miamba imewapindua hata wazoefu. Sauti yake ingepotea kwenye kishindo cha mawimbi, na filimbi hakuwa nayo, lakini alijua maikrofoni iko majini na masikio yangu yako huko. Tulipomfikia alikuwa bado ameishika kamba ya kayaki.

Ndani ya bahasha kuna kadi mbili za kinasa sauti. Yenye alama ya wino mwekundu ina nyangumi peke yao, dakika sita za mwanzo. Hiyo ni ya Kijino. Nyingine ina kila kitu. Isikilize au itupe, sitakuuliza.

Nafika Ijumaa ya wiki ijayo. Mama nitamwambia mwenyewe, lakini ukiona huwezi kukaa naye na siri hii mpaka siku hiyo, msomee barua yote, usiruke neno. Msamaha nitauomba nikiwa mbele yako. Leo nataka jambo moja tu, uache kusema kwamba maneno yako ndiyo yaliyomzamisha. Aliyevurugikiwa kichwa hagongi tatu tatu vile, kwa utaratibu, dakika kumi na moja. Alitaka kurudi nyumbani. Akaita. Aliyeitwa ni mimi, na nilisikia.

Msalimie mama. Mbusu Kijino kwenye pengo.

Ni mimi,
wifi yako, kama bado utaniita hivyo.