Makofi Uliyojifunza Kwenye Filamu

Baba Mado,

Jumapili wajomba zako wanakuja hapa Kampemba, nyumbani kwa baba yangu, na mbuzi na kikwembe kipya, kuomba nirudi kwako. Desturi yetu inataka nikae kimya, shangazi anisemee. Basi nakuandikia kwanza wewe, huko Kasungami ulikojificha kwa kaka yako.

Nimesoma kitabu cha maisha ya muigizaji wako, yule aliyeigiza jangili wa pete nne kwenye filamu. Unakumbuka ukumbi wa video wa Kamalondo, tukiwa wachumba? Ninyi vijana mlijua maneno yake yote, mkiyapaza kabla yeye hajafungua mdomo. Ulimuiga hadi mwendo, nami nilicheka mpaka machozi. Nilikupenda, bwana.

Uliponioa ukamuiga mikono pia. Ulivaa pete moja moja, taratibu, kama yeye, huku nikikutazama. "Lomba pardon, na uniangalie mu macho!" Niliomba, ukapiga vilevile. Ulinivunja taya Mado akiona, naye ukampiga teke kwa kunishikilia kikwembe. Nilimeza damu pamoja na meno yangu.

Sasa sikia muigizaji huyo anavyosimulia makofi yake kitabuni. Mkono wake ulipita mbali na uso, na mlio wa kofi ulitengenezwa baadaye kwa ngozi iliyoloweshwa maji. Siku moja pete ilimkwaruza mwenzake shavuni. Akasimamisha kazi, akalia. Kwa mkwaruzo tu! Nilikitupa kitabu ukutani. Nilitaka nije na mchi nikutwange vidole vyote kumi, na hamu hiyo bado haijanitoka.

Jana shangazi alinishika magoti. "Rudia kwako, mama. Bazee banaleta mbuzi, tutabaambia nini?" Baba alikuwa karibu, akatazama chini.

Jumapili nitasema mwenyewe, wakasirike wakitaka. Nitafungua mdomo wahesabu mapengo. Nitawaambia Mado akisikia viatu vya mwanaume mlangoni anaingia chini ya kitanda na kujikojolea. Kisha nitasema sirudi. Baba akinifukuza kwa aibu hiyo, nitauza makala ya kupikia kando ya barabara, nitalala njaa na mwanangu. Lakini sitakufa mikononi mwako.

Usinitafute tena.

Aliyekuwa mke wako,
Mama Mado