Fahali Tuliyemla Msibani Kwako

Mwaka umetimia, dada Scholastica, tangu pikipiki iliyokupakia wewe na madumu yako ya sabuni ilipoteleza kwenye tope, ukitoka Mugumu kurudi kwetu Nyansurura. Ulikaa hospitali siku tatu, ukatuacha. Ulikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Baba amesema niandike maneno machache na matamu, majirani wasome, yaishe. Machache nitajaribu. Mimi Waitara, mdogo wako, unanijua: nikianza kusema sinyamazi, isipokuwa siku ile niliyotakiwa kusema.

Tunakumbuka Jumamosi zako kwenye ghala la zamani la pamba. Vijana wa miaka kumi na minne, kumi na sita, walitembea kutoka mbali kuja kwenye ule mpango wa vijana mliouanzisha wewe na Rahima, fundi cherehani wa Mugumu. Mliwafundisha kutengeneza sabuni ya maji, kushona sare za shule, kufuga kuku wa mayai. Kwenye begi lako hazikukosekana kandambili za ziada. Mtoto akija pekupeku ulimpa, halafu ukasingizia kwamba zinakubana.

Baadaye ukawapeleka mnadani, kila mmoja na chupa moja ya sabuni na sharti moja: ataje bei akimwangalia mteja usoni. Mabinti wetu, waliolelewa kutazama chini mbele ya mwanaume, walilia. Wewe ulisimama pembeni ukitafuna muwa na kuwacheka. "Unamuuzia nani, ardhi?" ulikuwa ukiwauliza. "Inua macho!"

Somo lako la pili lilikuwa la vitu vya bure. Mtu akikupa kitu bila kutaja bei, ulisema, muulize anataka nini kabla hujakitia mdomoni. Nyumbani tulikuona mkorofi. Mama alisema maswali hayo yatakukosesha mume.

Mdogo wetu wa mwisho, Nyangi, ndiye alikuwa mwanafunzi wako mbaya kuliko wote. Sabuni yake ya kwanza haikutoa povu, ya pili ilimbabua mikono. Ya tatu uliifulia kitenge chako cha Pasaka ili kumtia moyo, kikatoka na mabaka, ukakivaa hivyo hivyo kanisani. Kufikia mwaka wa pili alikuwa na wateja wake mnadani wanaomuulizia kwa jina.

Watu walipoanza kuja kumtazama Nyangi, ulikwenda kwa Baba. Nilikuwepo. Ulimwambia, "Shikamoo Baba. Naomba huyu mtoto umwache mpaka afike miaka kumi na minane, amalize mafunzo, aanze duka lake. Nisipokuonyesha faida yake, nitanyamaza." Baba alikuna ndevu muda mrefu, akakubali, na baba mdogo Joel akawa shahidi. Siku hiyo uliimba njia nzima kurudi ghalani, na sauti yako, Mungu akurehemu, haikuwa nzuri.

Siku yako ya mwisho hospitalini ulinishika mkono. Hukuuliza habari za mguu wako wala za pikipiki. Ulisema, "Waitara, Nyangi amalize." Nikasema, "Sawa, dada."

Sasa nikwambie tulichofanya.

Siku ya mazishi yako lilikuja kundi la wazee kutoka Busawe, wakiswaga fahali mweusi mnene. Walisema wametuonea huruma. Watu walikuwa wengi na chakula kilikuwa kinakwisha, tukawapokea kwa machozi. Vijana wakamchinja. Nyangi alikuwa anaosha sahani, akainuka na mikono yake yenye povu, akaja mbele ya wanaume akauliza, "Huyu ng'ombe ni wa nani, na wanataka nini?"

Mimi ndiye niliyemjibu. Nilisema, "Nyamaza, wewe! Huu ni msiba. Huna adabu?" Akarudi kwenye sahani zake. Tukala. Mimi nilirudia mara mbili.

Mwezi haujaisha, wazee wale wakarudi na ng'ombe wengine. Wakasema hawa ni mahari ya Nyangi, na wa kwanza, yule fahali wa msibani, tumeshamla. Kwetu unajua maana yake. Ng'ombe wa mahari akishaliwa, mazungumzo yameanza, na hakuna mzee atakayekubali kusema tulikula kwa makosa kwenye msiba wa mtoto wetu. Mpaka leo sijui kama Baba alijua tangu mwanzo. Sijamuuliza, naogopa jibu.

Baba mdogo Joel alijaribu kumkumbusha Baba neno lake. Baba akasema, "Mimi nilipatana na Scholastica. Scholastica hayupo."

Nyangi aliitwa. Alisimama pale uani, akamwangalia Baba usoni kama ulivyomfundisha, akasema, "Baba, sitaki. Nina miaka kumi na sita." Baba alisema, "Dada yako ndiye aliyekufundisha kunikodolea macho." Kisha akanigeukia. "Na wewe mura, kijana wangu, unasemaje? Hizo ng'ombe ni za kukuolea wewe."

Sikusema kitu, dada. Niliangalia chini. Nyangi alinisubiri, akaona sitasema, akaenda kufunga nguo zake.

Ng'ombe wale hawakumaliza miezi miwili zizini kwetu. Walikwenda Itiryo, nami nikaletewa Bhoke. Ni mke mwema. Kila akiniwekea chakula mbele yangu namuona Nyangi na sahani zake, na Bhoke anadhani sipendi mapishi yake. Nimeona aibu kumweleza.

Mwezi uliopita nilimkuta Nyangi mnadani. Tumbo limeshakuwa kubwa. Alikuwa amepanga chupa za sabuni juu ya gunia, amevaa kile kitenge chako chenye mabaka. Nilimsalimia. Akanitajia bei, macho yake usoni kwangu, kama anavyomtajia mpita njia. Nikalipa, nikasema abaki na chenji. Akaihesabu yote akanirudishia.

"Unataka nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ninaandika kumbukumbu yako, na jina lake nitaliweka baada ya langu.

"Usiniandike pamoja na ninyi."

"Nikuandike wapi sasa?"

"Chini, peke yangu. Na usiandike mke wa mtu. Haya, pisha, kuna mteja nyuma yako."

Nilipisha. Povu la sabuni ile ni zuri, dada. Ungelifurahia. Ahadi nyingine sikupi, maana ya kwanza unajua niliifanyia nini. Ghala limefungwa, Rahima amebaki na vijana wanne kwenye kibaraza chake, na Baba akisikia mtu anataja jina lako hutoka nje kwenda kutazama zizi, ambalo sasa halina kitu.

Unakumbukwa na baba yako Mzee Machage, mama yako, baba yako mdogo Joel, mimi mdogo wako Waitara na mke wangu Bhoke, pamoja na rafiki yako Rahima na vijana wote wa Jumamosi. Hatutakusahau siku zote tutakazoishi, na wengine wetu hatustahili kukusahau.

Na chini, peke yake, kama alivyoagiza:

Nyangi, mwanafunzi wako.