Mrehani wa Babu

Jumatatu, 8 Julai

Hili sijamwambia mtu: nawalisha nondo ambao viwavi wao wanatuharibia kabichi. Nimewafungia kwenye chupa za jemu, nyuma ya tanuri la mikate. Nyigu nao wana chupa zao — wale wadogo kuliko mbu, wanaotaga ndani ya viwavi na kuwaua. Chupa nyingine nimeweka maji tu, nyingine maua ya shibiti, kile kiungo cha majani membamba, nyingine maua ya mrehani. Nani ataishi zaidi, kwa chakula kipi?

Baba mdogo Ergash anataka kupuliza dawa. Nikamwambia (sauti haikutoka vizuri!) kwamba dawa itaua na nyigu. Akacheka. "Haya, Profesa Muattar, nitafutie kinachowanenepesha nondo. Nitaking'oa, dawa niiache. Mwisho Jumapili."

Alhamisi, 11 Julai

Kwenye maji tu, wote wamekufa. Hilo naelewa. Kwenye shibiti, wote wazima — nondo na nyigu! Sasa shibiti ni rafiki wa nani?

Kwenye mrehani nondo wanarukaruka. Nyigu chali. Labda ua lina koo refu, midomo yao haifiki. Labda nilifunga chupa vibaya. Sijui.

Mrehani wetu umezunguka kabichi zote. Aliuanza Babu. Tangu afariki, Bibi hutunza mbegu, huupanda upya kila mwaka, na kila asubuhi huchomeka kishada sikioni.

Jumamosi, 13 Julai

Nimerudia mrehani na nyigu wapya. Chali tena.

Jumapili, 14 Julai

Wakati wa chai Bibi akanichomekea kishada sikioni. Chenye maua. "Unukie kama babu yako."

"Haya, Profesa," akasema Baba mdogo. "Nondo wanakula nini?"

"Mwache mtoto anywe chai, Ergash!"

"Mama, nondo wanakunywa asali ya maua, watoto wao wanakula kabichi. Sisi tutakula chupa?"

Nikasema bado sijajua. Uongo? Nusu uongo. Nikitaja mrehani, ataung'oa. Akaenda kuazima pampu ya dawa.

Nikachukua mkasi wa kushonea. Upande wa mashariki nikakata maua yote ya mrehani, majani nikayaacha. Upande wa magharibi sikugusa.

Nilipogeuka, Bibi alikuwa nyuma yangu. Nikamweleza kila kitu, nikichanganya maneno: midomo, nondo watakaokosa asali, mbegu zitakazobaki upande wa pili. Akatazama maua yaliyojaa kwenye aproni yangu. Akanyoosha mkono, akitaka mkasi.

Nikampa. Akakata maua ya kishada cha sikioni mwangu, majani akayaacha.