Ndege ya Ijumaa Ile

Goma, tarehe 9 Machi 2025

Yaya Philomène, dada yangu mukubwa mupendwa,

Nakusalimia kwa upendo mwingi, pamoja na shemeji Darius na watoto. Je, kifua chako kimepoa? Huko Kampala mvua imeanza? Sisi huku tunapumua. Risasi zimenyamaza katika mutaa wetu, lakini banki zimefungwa, na uwanja wa ndege pia, tangu vita iingie mujini. Barua hii nimeianza mara tatu. Naketi, nasimama, nachungulia dirishani, narudi.

Masomo yameanza tena na nusu ya wanafunzi. Unajua nafundisha statistiki. Mwenzangu Kamate alitengeneza programu ndogo ya kufundishia: unaandika jina la uwanja wa ndege na mwaka, nayo inakuletea kutoka internet safari zote, saa ya kuruka, saa ya kutua, dakika za kuchelewa. Wanafunzi wanaipenda, maana wamechoka kuhesabu mipira myekundu na myeupe ya vitabuni.

Wiki jana kila mumoja alichagua mwaka wake. Bénédicte, binti wa Kibumba, akachagua 2021, mwaka wa volkano. Akasimama, akaniuliza kwa adabu: “Madame, ulitusimulia ndege yako ya Kinshasa ilichelewa saa mbili, Ijumaa tarehe 28 Mei. Huku kwenye programu hakuna hata ndege moja wiki ile. Labda programu iko na kosa?”

Nikajibu haraka kwamba ndiyo, ina kosa.

Kamate akakaa siku mbili akilitafuta kosa hilo, na umeme wetu huu wa kuja na kwenda. Siku ya tatu akaniambia ataiondoa darasani, kwani hawezi kufundisha watu kwa kitu kinachodanganya. Nilipoona macho yake mekundu nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia programu iko sawa, mwenye kudanganya ni mimi. Hakunikemea. Aliniuliza tu kama yaya yangu anajua.

Yaya, sikwenda Kinshasa. Ile Alhamisi asubuhi, tulipoamriwa kuhama kwa sababu ya volkano, nilipanda jeep ya wenzangu wa kazi kuelekea Sake. Mugunga tukakwama kati ya watu, magodoro na mbuzi. Hapo nikamwona Papa. Alivaa koti lake la kijani, anatembea peke yake kuelekea mujini, na watu wote wanakuja mbele yake. Nilijua mara moja kwamba ananifuata nyumbani kwangu Majengo, akidhani bado niko huko. Shofere akauliza kama kuna mwenye ndugu huko njiani, tubanane apande. Gari lilikuwa limejaa. Niliogopa nikisema nitaambiwa nimuachie nafasi yangu. Nikainamisha kichwa mpaka tukapita.

Kesho yake wapita njia wakanipigia simu. Walimkuta ameanguka kwenye mulango wangu, namba yangu mufukoni mwake. Nilirudi kwa miguu kutoka Sake, na nilipomkuta hospitali nikamwambia nimetua sasa hivi kutoka Kinshasa. Papa akanishika mukono, akasema alifurahi kukuta mulango umefungwa, kwa sababu alijua niko mahali salama. Jumapili akafariki. Uliponipigia ukilia, ukasema ningekuwa Goma nisingemuacha, nikakuitikia. Tangu siku hiyo naisimulia ile ndege, hadi darasani, bila mutu kuniuliza. Nilianza hata kukumbuka kiti nilichokalia.

Kesho nitamwambia Bénédicte kwamba alihesabu vizuri. Wewe sijui nikuombe nini.

Umpe shemeji pole ya kazi. Wabusu watoto. Kuwaambia au kutowaambia, hilo nakuachia wewe. Anayekuletea barua hii ni Mama Léocadie, jirani yangu. Atakaa huko siku nne. Kama una neno, umpatie. Kama huna, muache arudi mikono mitupu, nami sitamuuliza kitu.

Ni mimi, mudogo wako,

Louise Mukamazimpaka