Ngoie Anacheza na Kilio Bado

Ijumaa. Baridi tangu alfajiri, na moshi wa kiwanda umelala chini juu ya nyumba za Kenya, mtaa wetu. Kichwa changu pia ni hivyo.

Kesho wakubwa wa Chama wanakuja shuleni. Ngoie, binti yangu, amechaguliwa kuongoza ngoma ya kuwapokea. Na kilio cha baba yake, matanga ya mume wangu, bado hatujakiondoa.

Shangazi yake, aliyetoka Mitwaba kukaa nasi mpaka siku ya kukiondoa, hakupandisha sauti. "Mama Ngoie, kilio haiyaisha. Mutoto atachezaje?" Akanituma kwa mkurugenzi wa shule, nimwombe amtoe mtoto. Ngoie akicheza, alisema, ndugu wote wa marehemu watajua hatumlilii.

Sikubisha. Amempoteza kaka yake.

Nilishika njia ambayo Baba Ngoie alimwonyesha mtoto mwaka wake wa kwanza wa shule: unavuka reli, unapita kanisa, unafuata ukuta wa msikiti mdogo wa watu wa Maniema. Alimwambia auguse ukuta ule mpaka mwisho, asipotee. Rangi imetoka pale mikono ya watoto inapopita.

Langoni mwa shule kuna Mama Zaina, muuza maandazi, wa msikiti uleule. Nilimweleza. Akanitazama na nguo zangu nyeusi, akacheka kidogo.

"Kwetu mujane njo anabakia mu nyumba. Weye uko mu barabara, mutoto njo unataka kufunga?"

Kwao mjane ndiye anayekaa ndani, si mtoto. Nikapita langoni.

Ndani mazoezi ya ngoma yalikuwa yameanza. Ngoie alikuwa mbele ya wenzake, kitambaa kiunoni, anacheka. Tangu mazishi sikuwa nimeona meno yake. Aliponiona akasimama, na mstari wote nyuma yake ukasimama. Akangoja.

Nikamwinamishia kichwa: endelea.

Kwa mkurugenzi sikufika. Shangazi aliponiuliza, nilisema ninaumwa kichwa, nikaingia chumbani.

Ile ilikuwa ruhusa, au nilishindwa tu kumzima mtoto? Na Baba Ngoie, angefurahi, au angeona tumechoka kumlilia mapema? Shangazi ana haki. Mama Zaina ana haki. Mimi sijui nina nini.

Kesho, kabla Ngoie hajavaa, nitamwambia shangazi kwamba mimi ndiye niliyemruhusu. Sina hakika kama ni kweli. Lakini nitalisema mtoto akiwa anasikia.