Baba wa Kioo

Jumatatu, 3 Juni

Sasa hivi tu Chiriku kamfungia babake mlango. Paa! Puani kabisa. Mwenzangu kapiga magoti koridoni na sare yake nyeupe, mikono wazi kama anayepokea gunia – njoo mama, njoo kwa Baba. Mtoto akamtazama juu mpaka chini. Kisha akaonyesha simu mkononi mwangu. "Baba yuko humu." Paa!

Nimecheka. Halafu nikaingia bafuni nikalia kidogo. Bafu lenyewe dogo, ukikaa chooni magoti yanagusa sinki.

Kosa si lake. Babake alipopata kazi ya kusafisha vyumba humu melini, Chiriku alikuwa anatambaa. Sasa ana miaka miwili na nusu. Baba kwake ni kitu cha kwenye simu. Kampuni imetupa tiketi mimi na mtoto, zawadi kwa wafanyakazi waliokaa muda mrefu. Jumapili tunashuka, yeye anabaki mwaka mwingine. Ninachotaka ni kimoja tu – tushuke mtoto anajua kuwa babake ana mikono.

Meli! Ghorofa kumi na nne. Lifti, maduka, bwawa la kuogelea – maji juu ya maji! Korido zote zinafanana, nimeshaingiza kadi kwenye mlango wa watu mara mbili. Nimefunga utepe wa nywele za Chiriku kwenye kitasa chetu. Mchana king'ora kililia, tukafundishwa kuvaa maboya. Wakubwa wamenuna, Chiriku kakicheza king'ora mpaka mwisho.

Jumanne, 4 Juni

Bahari imeniweza. Nimetapika mara nne. Chiriku yeye utadhani kazaliwa na samaki.

Tangu jana tunakula biskuti na mayai ya kuchemsha ya mama mkwe. Alisema nchi kavu hakuna cha bure, sembuse baharini. Akanijazia begi.

Jioni bibi wa chumba cha jirani akaniuliza mbona hatuonekani mezani. Nikamwambia ahsante bibi, tuna chakula chetu. Akanitazama sana. "Mwanangu, chakula kimo ndani ya tiketi. Asubuhi, mchana, jioni. Hata sasa hivi kipo."

Siku mbili nanusa nyama ya kuchoma huku natafuna biskuti! Baba Chiriku alipopata habari alikaa chini kwa kicheko. "Mke wangu, mayai umeyasafirisha mpaka huku?" Nikamwambia ni ya mama yako, cheka taratibu.

Jumatano, 5 Juni

Tumekula. Sina zaidi. Chiriku sahani tatu za tikiti maji.

Kasoro moja – mtandao umekata. Huku katikati ya maji simu ni kioo cha kujitazamia tu. Chiriku kaibonyeza wee. "Baba kalala?" Nikamwambia Baba yupo ghorofa ya chini anatandika vitanda vya watu. Kaniangalia kama mwongo.

Alhamisi, 6 Juni

Leo lazima niandike yote.

Tumerudi kutoka bwawani tukakuta tembo kitandani. Wa taulo! Masikio, mkonga, miguu minne. Anayesafisha upande wetu kamwachia Baba Chiriku nafasi atutengenezee mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa kasimama pembeni, ana nusu saa yake ya mapumziko, anasubiri sifa.

Chiriku akamsogelea tembo polepole. "Shikamoo."

Tembo! Siku nne babake hajapata hata "jambo"!

"Haya," mwenzangu akasema, "nimezidiwa na taulo." Alikuwa anatania. Macho hayakutania. Akatoka kwenda roshanini kupunga upepo, akasukuma ule mlango wa kioo nyuma yake.

Hapo ndipo.

Chiriku aligeuka akamwona yuko ndani ya kioo. Anaonekana, hashikiki – kama kwenye simu. Akapiga ukelele. "Baba! Mama, Baba huyo!" Akakibusu kioo mpaka kikajaa mate. Babake naye akapiga magoti upande wa pili, pua kwa pua. Wakapungiana. Mtoto akamwonyesha tembo.

Mwenzangu hakustahimili, akafungua mlango. Mtoto huyoo, chini ya kitanda!

Akafunga. Mtoto akatoka. "Baba!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na yeye kule nje anacheka, machozi yanamtoka. Sijui kama ni ya kucheka.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemsimulia bibi jirani. Kasema mtoto hakimbizwi kama kuku. Mwache mlango aufungue yeye.

Basi mapumziko yote ya leo Baba Chiriku kakaa nje ya kioo na sahani yake, sisi ndani na zetu. Kijiko cha baba, kijiko cha mtoto. Jirani wa upande wa pili kachungulia, kamuuliza kama amefukuzwa na mkewe. Kajibu, "Hapana, ndiyo naposa."

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya mwisho. Masanduku tumeambiwa yawe koridoni kabla ya usiku. Kesho asubuhi tunashuka. Nimefungua utepe kwenye kitasa, nikaufunga tena. Bado mapema.

Baba Chiriku yuko roshanini sasa hivi, mimi naandika kitandani. Ana nusu saa, robo imeshakwenda. Mtoto kakaa chini mbele ya kioo, anamwimbia. Tembo kampakata.

Manyunyu yameanza. Nimemwashiria mwenzangu aingie. Katikisa kichwa. Kainua kidole – bado.

Sasa si manyunyu tena, mvua! Sare imemganda mwilini, maji yanachuruzika kwenye nyusi. Hasogei. Mkaidi kama mamake na mayai yake.

Chiriku kanyamaza. Kasimama. Anaitazama ile mvua, anamtazama babake. Kamshika tembo mkonga – kamvuta – masikio yamefumuka, mgongo umefumuka, limebaki taulo. Anaukwaruza mlango kwa vidole, ni mzito kwake. Ananiita. "Mama! Fungua! Baba analowa! Mama, fungua!" Haya, naacha kalamu –